Shati la Bwana Salamu

Tumeshika namba moja.

Hivyo ndivyo alivyoniambia mteja wangu wa kwanza Jumatatu ile, mwalimu wa hesabu anayeniletea suruali tano kila wiki. Alikuwa na gazeti kwapani na uso umemchangamka kama mtu ambaye timu yake imechukua kombe. Gazeti hilo lilikuwa limewauliza wasomaji swali: kati ya kesi zote za nchi hii ambazo mkosaji hakujulikana, ni ipi unayotamani zaidi ipate jibu kabla hujafa? Watu walipiga kura kwa simu mwezi mzima. Ya tatu ilikuwa ya wanafunzi wawili waliotoweka wakitoka kwenye mtihani. Ya pili, benki iliyoibiwa mchana kweupe na walinzi wote wakiwa macho. Ya kwanza, tena kwa mbali sana, ilikuwa ya kaka yangu.

"Hongereni," mwalimu akasema, halafu akajishtukia. "Yaani, poleni. Nilitaka kusema watu hawajasahau."

Nikamwambia suruali zitakuwa tayari Alhamisi. Ningeweza kumjibu vibaya, maana mdomo wangu hauna breki na mtaa mzima unalijua hilo, lakini yule mwalimu hana ubaya. Tatizo lake ni la watu wote: wanadhani kufiwa na mtu maarufu ni afadhali kidogo kuliko kufiwa na mtu wa kawaida.

Sisi ni madobi. Babu alikuwa dobi, Baba alikuwa dobi, na mimi nilirithi meza ya kupigia pasi, mabeseni manne ya bati na sheria mbili. Ya kwanza: nguo haitoki dukani na doa, hata kama mwenyewe amesema hajali. Ya pili: dobi haulizi doa limetoka wapi. Litazame, lijue ni la kitu gani ili ujue dawa yake, kisha funga mdomo. Baba alikuwa akisema aibu ya mtu inaishia kwenye beseni. Kuna ndoa katika mtaa huu zimesimama mpaka leo kwa sababu Baba alijua kunyamaza.

Kaka yangu aliyakimbia mabeseni akaenda redioni. Kila Jumapili saa sita mchana alisoma kadi za salamu: fulani anamsalimu shemeji yake, mjomba anawasalimu wote wanaomfahamu na wasiomfahamu. Alikuwa na sauti ya kumchekesha mtu aliyenuna, na utani wa kuudhi. Watu walimwita Bwana Salamu, na hata nyumbani tukazoea kumwita hivyo. Wachache tulijua kwamba kipindi chake kilirekodiwa Ijumaa ili Jumapili apumzike. Miaka ishirini na sita iliyopita, Jumapili, kipindi kikiwa hewani, mtu alimkaba kola mlangoni mwa nyumba aliyopanga, akampiga kichwani kwa kitu ambacho hakijaonekana mpaka leo. Majirani walisikia sauti yake ikiomba msaada. Wakadhani ni redio, ni mzaha wake mwingine, kwa kuwa kila nyumba redio ilikuwa inalia na sauti ilikuwa ileile. Alikufa huku akiwasalimu watu wa nchi nzima.

Ndiyo maana hawajamsahau. Kila mteja ana muuaji wake. Huyu atasema ni mume wa mwanamke fulani, yule atasema ni mtangazaji mwenzake aliyemwonea kijicho, mwingine atashusha sauti na kunyoosha kidole juu, kwa wakubwa. Wananimwagia yote hayo mezani pamoja na nguo chafu, kisha wananikodolea macho niseme ni kweli. Mimi ninawapa namba ya mzigo.

Mama hakuwa na habari na wakubwa. Muuaji wake alikuwa ng'ambo ya barabara, hatua ishirini kutoka dukani kwetu, kwenye kibanda cha vioo, akitengeneza saa. Bwana Salamu aliwahi kumtania hewani kwamba saa ikipita mikononi mwa Fundi Saa, ukiivaa inakuonyesha saa ya jana. Nchi nzima ikacheka, wateja wakamkimbia, naye akasimama katikati ya barabara akaapa mbele za watu kwamba siku moja atamfunga mdomo yule kijana. Wiki mbili baadaye kijana akafa. Polisi walimshika Fundi, wakakaa naye siku kumi na mbili, wakamwachia kwa kukosa ushahidi. Mama hakumwachia. Lisemwalo lipo, alisema, na tangu siku hiyo hakuitikia salamu yake hata mara moja. Mtaa ukamfuata Mama, maana nani atabishana na mzazi aliyefiwa? Mke wa Fundi aliondoka na watoto. Yeye alibaki palepale, akazeeka akibadilisha betri za saa za wapita njia wasiomjua.

Kila asubuhi Mama, miaka themanini na mmoja, alikuwa akiweka kiti chake mlangoni mwa duka na kumtazama. Ulipomuuliza anangoja nini, alikwambia anangoja kuambiwa.

"Siombi anyongwe," alikuwa akisema. "Nataka nimjue tu kabla sijafa. Nimtazame huku ninajua. Basi."

Ile kura ya gazeti iliwaaibisha wakubwa, wakaunda kitengo cha kesi za zamani, na kitengo kikamtuma Inspekta. Alikuja Jumatano, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, viatu vya mtu anayetembea sana, daftari mkononi. Alichuchumaa mbele ya kiti cha Mama, akamwamkia vizuri, jambo ambalo polisi wa kwanza hawakulifanya hata siku moja.

"Bibi, nimesoma jalada lote," akasema. "Sitaki kukupa matumaini ya bure. Lakini kuna kitu. Shati alilolivaa siku ile bado lipo kwenye stoo ya vielelezo, na limeandikwa halijaguswa tangu lilipopokelewa. Zamani hapakuwa na vipimo. Siku hizi vipo. Mtu akikukaba kola, anaacha chembe za ngozi yake kwenye kitambaa, na zinaweza kukaa miaka na miaka. Tukizipata tutazilinganisha na watu."

"Na yule?" Mama akaelekeza kidevu ng'ambo ya barabara.

"Na yeye pia."

Mama akageuka akanishika mkono. Alikuwa anacheka, kicheko kidogo cha puani ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba.

"Umesikia, mwanangu? Shati lipo."

"Nimesikia, Mama."

Niliiweka pasi chini.

Sasa niliseme, maana nimechoka kulibeba. Nilikuwa na miaka ishirini. Siku hizo hapakuwa na mambo ya glavu wala vimfuko vya plastiki. Jumapili ile jioni, askari aliyetoka hospitali na nguo za kaka yangu alipita nyumbani kumpa Baba pole, akaniachia mimi mfuko wa karatasi. Akasema zinatakiwa kuandikwa kituoni, niwapelekee asubuhi, yeye ana haraka, kuna mtu wanakwenda kumkamata. Baba alikuwa amelala kifudifudi sakafuni. Mama alikuwa amezungukwa na wanawake. Nikabaki mimi na mfuko, nikaufungua.

Lilikuwa shati lake jeupe, ambalo mimi mwenyewe nililipiga pasi Jumamosi. Nikawaza jinsi wanaume wa kituoni watakavyolitandaza mezani na kuliinamia, huku mmoja anavuta sigara na mwingine anakula karanga. Kaka yangu, mtanashati yule, aliyekuwa akibadilisha soksi mara mbili kwa siku. Atoke nyumba ya dobi kwa mara ya mwisho akiwa katika hali ile? Nililiona ni jambo lisilowezekana. Sikufikiri zaidi ya hapo, na nimejiapiza mara nyingi kwamba sikufikiri zaidi ya hapo.

Damu haitaki maji ya moto, itashika. Nikaandaa maji baridi na chumvi. Lakini kabla sijaloweka nikaona doa jingine kwenye kola, upande wa kushoto: jeusi, lenye mafuta, vidole vinne vimejipanga vizuri kabisa. Doa la mafuta hutangulizwa kabla ya maji, mtoto yeyote wa dobi analijua hilo. Nikalipaka mafuta ya taa, nikasugua kwa kidole gumba mpaka likaisha. Kisha nikaloweka, nikabadilisha maji mara tano, nikafua, nikatia wanga, nikaanika jikoni karibu na jiko, asubuhi nikapiga pasi. Vifungo viwili vilikuwa vimeng'oka. Nikatafuta vinavyofanana navyo kwenye kopo la Baba, nikavishona. Nikalikunja, nikalifunga kwa karatasi ya kaki na uzi, nikalipeleka. Askari wa kaunta hakujua lilikuwaje jana yake. Akaandika kwenye kitabu: shati jeupe, moja, hali nzuri. Akaniambia asante, dada.

Ilinichukua miezi sita kuelewa. Nilikuwa natoa grisi kwenye ovaroli ya makanika, na mkono wangu ukasimama wenyewe. Vidole vinne. Nilikuwa nimekaa na mkono wa muuaji mbele yangu, nikausugua mpaka ukatoweka, nikaona nimefanya kazi nzuri. Na sijui lilikuwa doa la nini. Grisi, dawa ya viatu, wino wa mtambo wa kuchapia, masizi ya jikoni: kila moja lina harufu yake, nazijua zote hata nikiwa nimefumba macho. Lakini siku ile nilikuwa nalia, pua imeziba, na mafuta ya taa yalimeza kila kitu. Nimejaribu kuikumbuka harufu ile kwa miaka ishirini na sita. Baba alikufa bila kujua, na Mama sikuthubutu kumwambia.

Ijumaa, Mama akiwa kliniki, Fundi Saa alivuka barabara. Alisimama nje ya mlango, hakuingia, kana kwamba pana kamba.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Nimetoka kwa yule Inspekta. Wamenisugua ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba. Nimewaambia, mbona mnanionea huruma, chukueni na damu, chukueni na kucha, mkitaka kateni hata sikio." Akacheka, kisha akaacha. "Unajua majibu yakitoka nitafanya nini?"

"Utafanya nini?"

"Nitakuja hapa asubuhi, nimsalimie mama yako. Sitaki aniombe radhi, mtu mzima yule. Nataka aniitikie tu. Miaka yote hii namsalimia kila asubuhi toka kibandani, wewe unasikia, na kila asubuhi ananitazama kama ukuta. Akiitikia mara moja, hata kama nitakufa jioni yake, haidhuru."

Nilitaka kumwambia. Maneno yalifika mpaka kwenye meno, mimi huyu ambaye huwa naropoka hata yasiyonihusu, yakaishia hapo. Nikakunja taulo lililokuwa tayari limekunjwa.

"Mbona kimya?" akaniuliza. "Wewe, kukosa la kusema? Leo lazima mvua inyeshe."

Akavuka barabara akarudi kibandani kwake, anatembea haraka kuliko alivyokuja.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa Inspekta. Kilikuwa chumba chenye meza mbili, majalada yamepangwa chini mpaka dirishani, na feni inayozunguka bila kuleta upepo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Yeye alikuwa ameanza kuandika, akaacha.

"Sabuni gani?"

"Ya mche. Na chumvi. Na mafuta ya taa kwenye kola."

"Pasi ya umeme?"

"Ya mkaa. Ilikuwa ya moto sana, Baba alituzoesha hivyo."

Inspekta aliegemea kiti, akafumba macho. "Nilipolifungua lile furushi nilidhani wamenibadilishia kielelezo," akasema. "Shati la mtu aliyepigwa mpaka kufa, jeupe pe, mikunjo imenyooka utadhani la harusi. Nikasema hapa kuna mkubwa ana mkono wake. Siku tatu sijalala vizuri. Nimeshaandika nusu ya ripoti, naomba watu wote wa stoo wachunguzwe."

"Kumbe ni mimi."

"Kumbe ni wewe, Dada."

Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza, akasema wa kulaumiwa ni askari aliyemwachia binti wa miaka ishirini mfuko ule, naye alishazikwa zamani. Nilimuuliza kama kupima kuna maana tena. Akasema watapima hivyohivyo, mara nyingine ndani ya mshono hubaki kitu. Lakini alipokuwa ananisindikiza mlangoni alinishika bega, na polisi hashiki bega la mtu mwenye bahati.

Majibu yalichukua wiki tano. Katika wiki hizo Mama alikuwa mtu mwingine. Alikula, alitania wateja, alimwambia mwalimu wa hesabu kwamba suruali zake zinapwaya makalio kwa sababu hajaoa. Alitoa gauni lake la kijani sandukuni akanipa nilifue na kulipiga pasi, alitaka kulivaa siku atakayoambiwa. Nililipiga pasi. Akalirudisha baada ya siku mbili, akasema kwenye mkono kuna mkunjo. Nikalipiga tena. Kila nilipotaka kufungua mdomo aliniuliza kama simu yangu ina chaji.

Inspekta alinipigia asubuhi moja, nikatoka nje kwenda nyuma ya duka, kwenye kamba za kuanikia.

"Hakuna kitu," akasema. "Kuna chembe chache sana kwenye mshono wa kola. Ni za mwanamke, wa damu moja na marehemu."

"Ndiyo," nikasema. "Nilipolikunja."

"Ni wewe, ndiyo. Hakuna mwingine. Nitakuja nimweleze Bibi."

"Usije. Nitamwambia mwenyewe."

Nilimwambia Mama nusu tu. Nilisema shati lilikuwa limekaa sana, hawakupata kitu. Hakulia. Alisema sawa. Akaingia chumbani, akalitundika lile gauni la kijani nyuma ya mlango, akalala. Kesho yake hakutoka. Kesho kutwa hakutoka. Uji alinywa vijiko viwili kwa kunionea huruma. Siku ya nne kiti chake kilikuwa bado kimeegemezwa ukutani, na aliniita akaniambia niandike mahali nguo anazotaka kuzikwa nazo.

"Nitakufa hivihivi," akasema. "Kama ng'ombe. Bila kuambiwa."

Mimi nilidhani ukweli utamsaidia. Nilidhani akinikasirikia atapata nguvu ya kuinuka, hata kama ni kuinuka anipige kofi, na kofi hilo ningelipokea kwa mikono miwili. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikamweleza tangu mfuko wa karatasi mpaka karatasi ya kaki. Alinisikiliza akiwa ameelekeza sikio lake zima kwangu. Nilipofika kwenye vile vidole vinne, alikaa kitako.

"Doa la nini?"

"Sijui, Mama."

"Hujui." Alilirudia polepole. "Wewe ambaye ukinusa kitambaa unasema hili lilikwenda harusini, hili lilikwenda matangani. Hujui."

"Nilikuwa nalia. Pua ilikuwa imeziba."

"Na wale wa vipimo, kwenye kola wamekuta nini?"

Hapo ningeweza kudanganya, na nilikuwa na nafasi ya kutosha. "Wamenikuta mimi," nikasema.

Nje mtu alipiga hodi dukani, akangoja, akaondoka.

"Ijumaa ile mligombana," Mama akasema. "Wewe na kaka yako. Nilikuwa jikoni, nilisikia."

"Alikuwa amechukua shati la mteja, Mama, akalivaa kwenda nalo studio. Mteja alikuja kulifuata, nikakosa pa kuweka uso. Nilimtukana, ndiyo. Tulikuwa tunatukanana kila wiki, unatujua."

"Na Jumapili saa sita ulikuwa wapi?"

Nilimtazama nikidhani anatania. Mama ni mtani. Lakini macho yake yalikuwa makavu, yametulia usoni pangu, na nilijua macho hayo, nimeyaona miaka ishirini na sita yakivuka barabara.

"Nilikuwa dukani. Napiga pasi za watu."

"Na nani?"

"Peke yangu. Baba alikuwa amekwenda kuchukua mkaa."

"Peke yako." Akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayekubali bei. "Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga hawakukosea hata hapa."

"Mama, ni mimi."

"Nakuona," akasema. "Niletee uji. Uweke na sukari."

Alikunywa bakuli zima. Asubuhi aliamka mwenyewe, akaoga, akabeba kiti chake mpaka dukani. Hakukiweka mlangoni. Alikiweka ndani, kwenye kona ya mabeseni, akaketi kuielekea meza yangu ya pasi. Hajakihamisha tangu siku hiyo.

Fundi Saa akapiga salamu yake kutoka ng'ambo, ile ya kila siku ambayo hakuna aliyeisikia tena isipokuwa mimi. Mama akageuza shingo.

"Marahaba, Fundi," akaitikia kwa sauti iliyofika. "Umeamkaje huko?"

Mchana, Mama akiwa amesinzia kidogo, Fundi alikuja mlangoni. Alikuwa amevua miwani na macho yamemvimba. Aliniuliza nimemwambia nini mama yangu. Nikamwambia nimemweleza ukweli. Akanishika mikono yote miwili, mzee wa watu, akaniombea kwa Mungu, mimi na kizazi changu, akasema ameitikiwa, hata angekufa jioni hiyo haidhuru. Nilimwacha aamini anavyoamini. Alikuwa na haki ya siku moja nzuri, na sikuwa na nguvu ya kumweleza zamu imehamia kwa nani.

Wiki iliyofuata Inspekta alinipigia tena. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Bibi amenipigia simu mara tatu," akasema. "Anasema ana taarifa mpya. Dada, mimi siamini hata kidogo, unajua hilo. Lakini jalada liko wazi, na mzazi wa marehemu akitoa taarifa lazima niandike maelezo. Nisipoandika, kesho gazeti litasema tumemficha mtu."

Nilikwenda. Nilikaa kwenye kiti kilekile. Aliniuliza jina, umri, kazi, uhusiano na marehemu. Aliniuliza kuhusu ugomvi wa Ijumaa, nikamweleza lile shati la mteja, akaandika. Aliniuliza kwa nini nilifua kielelezo. Nikamwambia kwetu nguo haitoki na doa. Aliandika hivyo pia, na lilipokuwa kwenye karatasi ya polisi lilionekana sababu ya kijinga, hata mimi nisingeiamini kama ningekuwa yeye. Aliniuliza kama kuna mtu anayeweza kuthibitisha nilipokuwa Jumapili ile kati ya saa sita na saa saba mchana.

"Hakuna," nikasema.

"Hata mteja mmoja aliyepita?"

"Jumapili hatukuwa tunafungua mlango wa mbele."

Akaandika. Akanisomea maelezo yangu mwanzo hadi mwisho, nikatia saini mahali patatu. Akasema jalada litabaki hivyo, hakuna mtu atakayenishtaki, na hakuna atakayenisafisha pia, kwa sababu kilichokuwa na uwezo wa kunisafisha ni kile nilichokiondoa kwa mikono yangu. Hakusema kwa ubaya. Alinisindikiza mpaka nje, akanifungulia lango.

Nilifika nyumbani saa nane mchana. Nilikuwa nimepanga njia nzima nitakavyomwambia: kwamba imekwisha, kwamba hakuna atakayejua, si leo si kesho, si yeye si mimi, kwamba tuwe mama na mwana katika siku zilizobaki. Nilimkuta ameketi mezani. Alikuwa amevaa lile gauni la kijani. Amechana nywele, amepaka mafuta usoni, na amepakua chakula sahani mbili, kazi ambayo hakuwa ameifanya kwa zaidi ya mwaka. Aliposikia mlango aliinua uso, na ulikuwa na uhai kuliko uso wa mtu yeyote niliyemwona siku hiyo.

"Wamesemaje?" akaniuliza.

Ilikuwa sauti ileile aliyomuuliza nayo Baba kila aliporudi kituoni, akaniuliza nayo mimi baada ya Baba kufa, mara mia, mara mia mbili. Sauti ya mtu aliyeweka maisha yake yote kwenye jibu linalokuja. Nilisimama pale na viatu mguuni, nikamtazama, nikaona kwamba nikisema imekwisha atakilaza kichwa chake tena, na safari hii hataamka.

"Bado wanachunguza, Mama."

"Lakini watampata?"

"Wanasema wako karibu."

Akashusha pumzi. Akanivutia kiti.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Chakula kinapoa."

Nikakaa. Alikula sahani yake yote, kisha akaweka mikono mapajani akanitazama mpaka na mimi nikamaliza yangu.